Asiye na Makao: Mgeni wa Siku Ngapi?

 

Nilipoteremka Mombasa mwezi wa Rajab, katika darsa yetu ya baada ya magharibi liliulizwa suali ambalo wengi walidhani jawabu yake ni fupi. Muulizaji alisema: mtu mzima, mwenye mikono miwili na akili zake timamu, hana nyumba, analala katika baraza ya msikiti, je, ni wajibu juu yetu kumpa mahali pa kukaa, au ni wajibu juu yake kwenda kujitafutia? Mmoja wetu akajibu papo hapo kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wakacheka, na suali likapita. Mimi sikucheka, wala si kwa kuwa ni bora kuliko waliocheka, bali kwa sababu suali lile lilinikumbusha jambo lililonipata Kibwezi, ambalo mpaka leo sina yakini kama tulilifanya sawasawa.

Wengi katika nyinyi wasomaji wetu wa pwani mwaijua Kibwezi kwa kuipita tu. Ni mji wa Makueni, juu ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na hapo ndipo ichepukapo njia ya kwenda Mutomo na Kitui. Basi husimama kidogo, watu wakanunua maji na machungwa, kisha likaondoka. Nchi yake ni kavu, nchi ya mibuyu na mkonge, na mvua zake si za kutegemewa. Lakini kwa kuwa ni mji wa njia, ni mji unaoachiwa watu. Lori likiharibika huacha mtu, kibarua kikiisha huacha mtu, na mgonjwa asiyeweza kuendelea na safari huteremshwa hapo. Na ilipoamriwa 2019 kwamba shehena zitokazo bandari ya Mombasa zipande reli mpya, miji ya njiani ililia sana, kwani aliyeishi kwa kuosha malori, au kwa kuziba pancha, au kwa kupika chai ya madereva, aliamka akakuta barabara imepungua watu. Amri ile iliondolewa 2022, lakini kibanda kilichokwisha vunjwa hakijengwi kwa tangazo.

Basi mtu mmoja alikuja kulala katika baraza ya msikiti ninaosomesha. Alikuwa na umri wa miaka arubaini au karibu yake, yaani rika langu mimi. Alikuwa utingo wa lori, akashikwa na homa safarini, dereva akamteremsha hapo akamwambia atampitia akirudi, wala asirudi. Nguo zake na kitambulisho chake vilikwenda na lori. Sisi tukampa chakula. Ikawa kila nyumba ina siku yake, na hapana usiku aliolala na njaa. Miezi tisa ilipita hivyo, na katika miezi tisa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja katika sisi, nami wa kwanza, aliyemwuliza kitambulisho kiko wapi, au kazi gani aijua, au kwao ni wapi na kwa nini haendi. Tulikuwa tukimwita "yule wa barazani".

Siku moja nilimpelekea sahani mimi mwenyewe, akakataa kuipokea. Akaniambia: "Maalim, nipe kwanza ndoo nikajaze birika. Kula bila ya kufanya kitu kwanichosha kuliko njaa."

Niliona haya ambayo siwezi kuieleza. Kwa muda wa miezi tisa mtu yule alikuwa mlango wa thawabu zetu, kila mtu apita hapo aweke sahani na ajiendee zake, wala hatukujua kwamba kila sahani yamwongezea mzigo. Na hapo ndipo nilipoanza kuirejea upya ile mas-ala, nikaona kwamba hoja tuzitumiazo, za kumfukuza na za kumlisha, aghlabu twazitumia bila ya kuzisoma mpaka mwisho.

Wanaosema mtu mzima ajitafutie, dalili yao kubwa ni ile hadithi aliyoipokea Abu Dawud, ya mtu wa Ansari aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akimwomba. Hadithi hii husomwa juu ya mimbari kila mwaka, na kila mwaka husomwa kwa kukaripia waombao. Lakini tazameni ilivyoanza. Mtume (S.A.W.) alimwuliza kama hana kitu nyumbani mwake. Naye akasema ana nguo nzito, nusu waivaa na nusu waitandika, na chombo cha kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa mbele ya watu, aliyetoa dirhamu moja akapitwa na aliyetoa mbili. Dirhamu moja akaambiwa anunulie ahali zake chakula, na ya pili anunue shoka alilete, na Mtume (S.A.W.) akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni auze, asimwone kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi.

Mtu huyu, ndugu zangu, alikuwa na nyumba. Suali la kwanza aliloulizwa lilikuwa juu ya nyumba yake. Alikuwa na mahali pa kulaza shoka usiku, na pa kuwekea zile dirhamu zisiibwe, na pa kuoga kabla ya kwenda sokoni. Kuichukua hadithi yake na kumsomea mtu alalaye juu ya saruji ni kumpa mtu dawa ya ugonjwa wa mwingine.

Ama wale wasiokuwa na nyumba, tabia ya Mtume (S.A.W.) kwao yajulikana. Hao ndio watu wa Suffa, waliohama wakaja Madina hawana jamaa wa kufikia wala mali. Hakuwataka wakatafute shoka kwanza. Aliwapa sehemu yenye paa katika msikiti wake, wakalala hapo, na sadaka ikija huwapelekea yote, na hidaya ikija hula nao. Wala hawakuwa wapumbavu wala wavivu: Abu Hureira (R.A.) alikuwa mmoja wao, na huyo huyo katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa liwali wa Bahrain. Na imethubutu katika Sahihi Muslim kwamba walikuwapo wasomaji wa Qur'ani waliokuwa mchana wakiteka maji wayaweke msikitini, wakitafuta kuni wauze, na kwa thamani yake wakinunua chakula cha watu wa Suffa na masikini. Idadi ya watu wa Suffa ilikuwa ikizidi na kupungua, maana waliopata njia waliondoka, na wageni wakaingia.

Na Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye husifiwa kwa kukataa nusu ya mali ya Saad bin Rabii na kuuliza soko liko wapi, naye aliliuliza akiwa amekwisha pokewa, ana ndugu, ana paa la mtu juu ya kichwa chake. Sijui habari hata moja ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) alimtaka mtu afanye kazi kwanza ndipo apewe pa kulala.

Hapa wenzetu wa upande wa pili wasifurahi upesi. Kwani paa la Suffa halikuwa mwisho wa jambo, wala shoka halikutolewa likaachwa. Lilikuwa na siku kumi na tano, na baada yake kuna kurudi na kuulizwa. Sisi tulimpa yule mtu baraza na sahani, wala hatukumpa siku ya kurudi kutuambia amefika wapi. Hata na methali yetu twaidhulumu. Twaisoma kana kwamba yasema siku ya tatu mwonyeshe mlango. Methali yasema mpe. Jembe halikuotea mikononi mwa mgeni. Ni mwenyeji alinunuaye, na ampaye mtu jembe hana budi amwonyeshe na shamba la kulima, na usiku amrudishe ndani alale.

Kuna jambo jingine lililotupata, nalisema ingawa si la kujivunia. Baada ya kumpa ndoo, na watu walipoona birika limejaa kila alfajiri, walianza kumtuma. Huyu amtuma dukani, yule amtaka amfagilie ua, mwingine abebeshwe gunia, na ujira ni ile ile sahani. Hazikupita wiki nyingi tulikuwa tumejipatia mtumishi asiyelipwa, na kila mtu anaona amemfanyia hisani. Nilipoirejea ile hadithi nikaona kwamba Mtume (S.A.W.) hakumwambia yule Ansari akate kuni za msikiti. Alikata zake, akauza kwa nafsi yake, na dirhamu kumi zikaingia mkononi mwake. Kazi ya kulipia makao, ambayo haimwachii mtu senti ya kuweka, humfunga pale pale alipo.

Sasa nitoe mfano ulio karibu na Kibwezi, na baadhi yenu hamtaupenda. Ukiishika njia ya kwenda Nairobi wafika Makindu, na hapo pana hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, na asili yake ni wale waliokuja kufanya kazi ya reli. Msafiri wa dini yoyote akiingia hupewa chakula bila ya malipo, na wapo vyumba vya kulala. Waislamu wangapi tumekula hapo! Chakula chao hakina nyama, basi hata mjadala wa kuchinja haupo. Nasi katika barabara hiyo hiyo tuna misikiti mingi, yenye vigae na vipaza sauti, ambayo baada ya isha hufungwa kwa kufuli. Na kuwajengea wasafiri makao si jambo geni kwetu. Umar bin Abdulaziz (R.A.) alimwamuru liwali wake wa Samarkand ajenge nyumba za wasafiri, apitaye alishwe mchana na usiku, mgonjwa alishwe siku mbili, na aliyekatikiwa na safari apewe kitakachomfikisha kwao. Hata wamishonari wa Kiskoti waliofika Kibwezi 1891, kabla ya reli, waliiita kazi yao misheni ya ufundi, na mpaka walipohamia Kikuyu 1898 hawakuja na vitabu peke yake. Ni sisi tunaodhani kwamba dini ni kusoma na kula hitma.

Lakini Makindu ni jawabu ya msafiri, na yule wetu hakuwa msafiri tena. Nilipomwuliza hatimaye kwao, akasema ni upande wa Mutomo. Nilishangaa, kwani Mutomo si mbali na Kibwezi, ni njia ile ile ichepukayo hapo. Nauli yake hata mwanachuoni aweza kuitoa. Nikamwambia nitampa nauli. Akainamisha kichwa. Aliondoka kwao akiahidi kupeleka fedha, akakaa miaka asipeleke, na sasa hawezi kuingia uani mwa mama yake mikono mitupu. Basi nikafahamu kwamba katika watu hawa wako wenye kwao, na hawana pa kwenda. Nauli ya Umar bin Abdulaziz yamtosha aliyekatikiwa na njia, na huyu kilichomkatikia ni uso wake mbele ya watu.

Na hili ndilo linalomfanya mtu mzima awe mzito kwa watu kuliko mtoto. Mtoto wa mitaani humwona kila mtu akasikitika. Mtu mzima tukimwona twaanza kuhesabu makosa yake. Serikali ya ukoloni ilikuwa na sheria ya wazururaji, iliyomfanya asiye na makao wala njia ya riziki kuwa mtu wa kukamatwa. Na sheria hiyo iliendelea baada ya uhuru wa 1963 mpaka ilipofutwa 1997. Mwaka 2003 ikaundwa hazina ya serikali ya kuwarekebisha watu wa mitaani, na hilo ni jema. Katika hesabu iliyofanywa 2018 walipatikana watu wa mitaani 46,639 nchi nzima, wakubwa kwa wadogo. Nairobi 15,337, na Mombasa 7,529. Mombasa, mji wa misikiti na wa mawakfu, ni wa pili. Nani katika sisi amepata kuisikia hesabu hiyo ikitajwa katika khutba?

Wako watakaosema: mali ya zaka haiwezi kutumika katika kodi ya chumba na mikokoteni. Hawa nawarejesha katika vitabu wanavyovisoma wenyewe. Fakiri katika madhehebu yetu ya Shafii ni asiye na kinachomtosha katika chakula, mavazi na makao. Makao yamo katika haja, hayamo katika anasa. Imam Nawawi katika Minhaj amesahihisha kwamba fakiri apewe kitakachomtosha umri wake, kwa mfano anunuliwe milki yenye pato. Na katika Majmuu amefafanua kwamba mwenye ufundi hupewa vya kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanya biashara hupewa rasilmali kwa kadiri ya biashara yake, muuza mboga kiasi chake na muuza vito kiasi chake. Na ama ile hoja ya kwamba mwenye nguvu hana haki katika zaka, wamesema pia kwamba mwenye nguvu asipopata wa kumpa kazi, zaka yamhalalikia. Haya yameandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Nasi bado twagawa zaka kwa noti moja moja mwezi wa Ramadhani, mtu apanga foleni jua kali apate cha kununulia unga wa siku mbili, na mwaka ujao yumo katika foleni hiyo hiyo.

Yule wa Mutomo hakuwa Muislamu, basi zaka hatukumpa; tulitumia sadaka, ambayo haina sharti hilo. Walikuwapo walionung'unika kwamba amelala msikitini, nikawakumbusha kwamba ujumbe wa Thakifu walishushwa katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) kabla hawajasilimu. Tulimtoa barazani tukampa kile chumba kidogo cha nyuma palipokuwa pakiwekwa mikeka mibovu, kikatiwa kufuli, na ufunguo akapewa yeye. Mwenzetu mmoja alifuatana naye polisi kuandikisha kupotea kwa kitambulisho, kisha ofisi ya vitambulisho, na kungoja kwake kulikuwa kurefu. Kumbe hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: bila ya kitambulisho hawezi kusajili simu, na bila ya simu hawezi kupokea fedha, wala hapana mwenye kazi ya maana amwandikaye. Ukamnunulia mtu majembe kumi, na jina lake haliko popote, hayamfai. Kisha tukamnunulia mkokoteni na mitungi ya maji, kwani Kibwezi maji huuzwa. Tukaagana naye miezi mitatu, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi twakaa twahesabu. Mwezi wa tano, si wa tatu, alipanga chumba mjini. Ndani ya mwaka alikwenda Mutomo.

Nikafurahi, na furaha ikanidanganya. Alipokuja wa pili, kijana wetu wa pwani, Muislamu, jamaa ya watu ninaowajua, nilifanya haraka. Nikaona njia tumekwisha ijua. Nikamtolea katika zaka mkokoteni na mitungi siku ya nne baada ya kufika, wala sikukaa naye hata kikao kimoja. Chumba kile kilikuwa kimerudishiwa mikeka, nikasema alale barazani kwa muda, joto si baya. Siku ya kurudi kuhesabu sikumwekea, kwa kuwa nilimjua baba yake nikaona ni kumdharau. Baada ya wiki mbili aliuza mkokoteni akaondoka usiku. Watu wakaniambia: waona, Maalim, watu hawa hawasaidiki. Na jawabu nilikuwa nayo mdomoni, kwamba huyu hakupewa alichopewa mwenziwe, lakini kuisema kulikuwa kujikiri mwenyewe mbele yao, nikanyamaza. Leo ndiyo nairudisha kwa wale waliocheka katika darsa, pamoja na suali la muulizaji, ambalo kwa ninavyoona bado halijajibiwa.

Nimesikia kwamba yuko Mtito Andei, analala karibu na malori yanaposimama. Nauli ya kutoka Kibwezi mpaka huko si kubwa. Sijaenda bado.